Gari Moja la Kazini na la Porini: Namna ya Kuliandaa Bila Kuziharibu Siku za Kawaida

Wengi wanaotaka kuandaa gari la safari ndefu za porini huanzia dukani. Wananunua bampa la chuma, keria, hema la kufunga juu ya paa, taa za kumulika mpaka upeo wa macho, na tairi zenye meno kama ya trekta. Miezi michache baadaye gari lile lile linalowapeleka kazini limekuwa zito, linabugia mafuta, linavuma barabarani kiasi cha kushindwa kuongea, na haliingii tena kwenye maegesho ya chini ya jengo. Safari yenyewe ya porini bado haijafanyika.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari moja. Mwenye la pili la kuzungukia mjini afunge anachotaka, hana wa kumuuliza. Wewe ambaye Jumapili usiku unarudi na vumbi na Jumatatu saa moja asubuhi uko kwenye foleni, kila unachokifunga utaishi nacho siku zote. Kwa hiyo nitakuwa narudi kwenye kipimo kimoja: kinachobaki garini moja kwa moja kiwe na faida siku ya kazi, au angalau kisiwe kero. Waya, soketi, ndoano na vishikizo vibaki. Uzito utoke.

Hatua ya 1: Andika gari linafanya nini

Chukua karatasi uandike mwezi uliopita gari lilikwenda wapi, nani alikuwa ndani, na lilibeba nini. Andika yaliyotokea, ndoto ziache kwanza. Kwa watu wengi karatasi hiyo itasema foleni, kazini, shuleni, sokoni, na mara moja moja barabara ya vumbi.

Upande wa pili andika safari unazokusudia kweli ndani ya miezi 12 ijayo. Ni siku ngapi? Barabara ni ya changarawe, mchanga, mawe au tope? Kutoka kituo cha mafuta hadi kingine ni kilomita ngapi? Watalala wangapi, na watalala ndani ya gari, juu yake au chini? Mtu wa changarawe na mtu wa tope hawahitaji gari la aina moja, na mtu wa usiku mbili hana haja ya maji ya wiki.

Chini kabisa andika mambo yasiyojadiliwa. Kiti cha mtoto lazima kiingie. Gari lazima lipite kwenye mlango wa maegesho. Mzazi mwenye magoti mabovu apande mwenyewe bila kunyanyuliwa. Orodha hii fupi ndiyo itakayokuokoa utakapokuwa umesimama mbele ya fundi mwenye maneno matamu.

Hatua ya 2: Hesabu kilo kabla ya kuhesabu fedha

Hapa ndipo magari mengi yanapoharibikia, na ndipo watu wasipotaka kukaa. Kila gari lina uzito wa juu ambao mtengenezaji ameuruhusu, yaani gari lenyewe, watu, mafuta na mizigo, vyote pamoja. Utaupata kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au kwenye kitabu cha gari. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba. Angalia kitabu kinahesabuje hilo "tupu": baadhi ya vipimo huwa tayari vimejumlisha dereva na tangi la mafuta, vingine havijajumlisha.

Tuchukue mfano. Gari lenye uzito wa juu wa kilo 2,990 ambalo likiwa tupu, tangi limejaa, lina kilo 2,330. Nafasi yako ni kilo 660. Familia ya watu wazima wawili na watoto wawili ni kama kilo 220. Zimebaki 440. Sasa pakia: bampa la chuma na winchi (mashine ya kamba ya kujivuta ukikwama), kilo 100, keria na hema la paani, 100, droo za mbao na reli zake nyuma, 70, friji likiwa na chakula ndani, 35, maji lita 60, ambayo ni kilo 60, betri ya pili, 28, dizeli ya akiba lita 40, kama 34, spana, jeki na vifaa vya kujinasua, 30. Jumla kilo 457. Umeshapita kiwango kwa kilo 17, na bado hujapakia nguo, viti, meza wala sufuria.

Sasa angalia orodha hiyo hiyo kwa jicho la Jumatatu. Bampa na winchi, keria na hema, droo, betri: hivyo havitoki, na vina karibu kilo 300. Ni kama kuwapa lifti watu wazima wanne kila asubuhi, mwaka mzima, na hawashuki. Breki zinawasimamisha, springi zinawabeba, na mafuta unawanunulia wewe.

Andika orodha yako hivyo hivyo, kilo mbele ya kila kitu, na safu mbili: "kinabaki" na "kinatoka". Usikisie. Mizani ya bafuni inatosha: simama juu yake ukiwa umekumbatia kitu, kisha simama peke yako, toa. Lengo langu kwa gari la kazi mbili ni safu ya "kinabaki" isizidi robo ya uwezo wa kubeba. Kwa mfano wetu ni kama kilo 165. Ukishaizidi, kila ulipo mjini unaendesha gari lililopakiwa.

Angalia pia uzito umekaa wapi. Winchi inaning'inia mbele ya ekseli ya mbele, na tairi la akiba lililofungwa kwenye mlango wa nyuma linaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito ulio nje ya ekseli unafanya kazi kama wenzo: kilo 50 nyuma kabisa zinaielemea ekseli ya nyuma kwa zaidi ya kilo 50 na kuipunguzia ile ya mbele. Ndiyo maana gari lililojaa nyuma lina usukani mwepesi usiosikia. Vizito viweke chini, karibu na katikati, nyuma tu ya viti.

Hatua ya 3: Anza na tairi, na usipitilize kipimo

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, kiwe tairi. Mjini na porini, ndicho kitu pekee kinachogusa ardhi.

Tairi za tope zenye meno makubwa zinapendeza kwenye picha. Kwenye lami zinavuma, zinachakaa haraka, na barabara ikilowa zinashika vibaya kuliko tairi za kawaida kwa sababu mpira unaogusa lami ni mchache. Kwa gari la kazi mbili, tairi za mchanganyiko, za lami na za porini, zile zinazoandikwa A/T, zinafaa karibu kila mtu. Asiyetoka kwenye changarawe nzuri anaweza hata kubaki na tairi za barabara na akasafiri salama.

Kisha ukubwa. Ukitoka 265/70R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinapanda kutoka kama milimita 803 hadi 831, yaani asilimia 3.5. Unachopata ni uwazi wa sentimita 1.4 chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Unachotoa: spidomita iliyokuwa sahihi ikisema 100, wewe uko karibu 103.5, gia zote zimekuwa ndefu kidogo, kwa hiyo gari linanyong'onyea kwenye mlima, breki zina kazi zaidi, na huenda tairi likakwaruza plastiki ya ndani ya bawa unapokata kona mpaka mwisho. Tena tairi la akiba nalo lazima liwe la saizi hiyo, na pengine halitaingia mahali pake chini ya gari. Saizi ya kiwandani ina hoja nyingine: ukipasukiwa mbali, ndiyo iliyo rahisi kupatikana.

Soma namba ya uwezo wa kubeba kwenye ubavu wa tairi. 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi, 116 ni kilo 1,250, 121 ni kilo 1,450. Usishuke chini ya ile ya kiwandani. Soma na tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Angalia zaidi lile la akiba, maana ndilo linalozeeka bila mtu kuliona.

Upepo ndio nusu ya tairi, na haugharimu kitu. Kibandiko cha mlangoni kwa kawaida kina vipimo viwili, cha gari jepesi na cha gari lililopakiwa; pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kwenye changarawe yenye mawimbimawimbi, kupunguza kama robo ya upepo kunatuliza gari na kuokoa shokapu. Kwenye mchanga laini watu hushuka hadi psi 15 au 18, kwa mwendo wa polepole na bila kukata kona ghafla, tairi lisije likatoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza kwanza. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linachemka na kupasuka. Kwa hiyo kompresa ndogo na geji nzuri ni sehemu ya ununuzi wa tairi, na vyote viwili vinafaa hata unapopata pancha nje ya ofisi.

Hatua ya 4: Springi za uzito unaoubeba siku nyingi

Springi hutengenezwa kwa uzito fulani. Ukifunga za kubeba kilo 300 za ziada muda wote, na gari lako siku tano kati ya saba ni tupu, utarukaruka kwenye kila tuta, na tairi za nyuma zitapoteza mshiko kwenye kona yenye mashimo. Ukiacha za kiwandani ukapakia safari nzima, nyuma itakaa chini, taa zitamulika mitini, na shokapu zitagonga mwisho kwenye kila korongo.

Ndiyo maana safu ile ya "kinabaki" ilikuwa muhimu. Mpelekee fundi namba hiyo, siyo uzito wa siku ya safari. Chagua springi za uzito wa kudumu wenye kiasi, kisha mzigo wa safari uubebeshe mifuko ya hewa inayoingia ndani ya springi za duara za nyuma: siku ya kuondoka unaijaza, ukirudi unaipunguza hadi kiwango cha chini alichotaja mtengenezaji. Kwenye pikapu zenye springi za bapa kuwa mwangalifu zaidi. Hapo mfuko unasukuma chasisi sehemu moja ambayo haikukusudiwa kubeba, na ziko chasisi zilizopinda kwa mzigo mzito, mifuko ya hewa na makorongo kwa pamoja. Kwa gari la namna hiyo, kuongeza jani moja la springi na kupunguza mzigo ni salama kuliko hewa.

Shokapu badilisha pamoja na springi. Springi ngumu na shokapu iliyochoka ni ndoa mbaya.

Kuhusu kunyanyua gari, ushauri wangu ni milimita 40 au 50 basi. Hapo jointi za ekseli za mbele bado zina pembe ya kuvumilika, na alaimenti kwa kawaida inarudi kwenye vipimo. Juu ya hapo unaanza kununua vitu vya kurekebisha ulichokiharibu: mikono mipya ya juu, paipu ndefu za breki, vipande vya kushusha difu, na bado propela inaweza kutetema. Gari refu linayumba zaidi kwenye kona ya ghafla, na yule mzazi wa kwenye karatasi yako sasa anahitaji kigoda. Baada ya kunyanyua, kwa kiasi chochote, fanya alaimenti, shusha mwanga wa taa, na kama gari lina kamera au rada za kusaidia breki, uliza kama zinahitaji kupangwa upya.

Hatua ya 5: Paa liache tupu kadiri unavyoweza

Kitabu cha gari kinataja uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba likiwa linatembea. Kwa magari mengi ya aina hii ni kilo 100 au pungufu, na keria yenyewe imo humo. Keria ya kilo 35 na hema la kilo 65 zimemaliza hesabu kabla hujaweka hata dumu. Likiwa limesimama paa linavumilia zaidi, ndiyo maana watu wanaweza kulala juu. Kwenye makorongo linavumilia pungufu.

Kila kilo ya juu inainua kitovu cha uzito, na kila kitu kilichosimama juu kinapambana na upepo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, unakaribia kuongezeka maradufu. Kwenye foleni huuoni. Kwenye barabara kuu unaulipa kila ukijaza tangi.

Swali la hema la paani limewagombanisha watu wengi. Maoni yangu: kwa anayelala nje mara nne au tano kwa mwaka na gari hilo hilo ni la kazini, hema la chini linamtosha. Linaingia kwenye begi, linabaki kambini wakati gari limekwenda kutafuta kuni au maji, na Jumatatu halipo. Anayehama kila siku, jioni hapa na asubuhi kule, ana sababu ya hema la paani. Basi alifunge kwa namna ya kulishusha: bolti zenye vishikio vya mkono, mahali palipoandaliwa ukutani au juu ya fremu, na watu wawili wa kulibeba. Likiwa linahitaji spana nne na nusu siku, ukweli ni kwamba hutalishusha.

Pima urefu wa gari kutoka ardhini hadi ncha ya juu kabisa, mara mbili, likiwa na vitu vya paani na likiwa halina. Andika namba hizo ubandike kwenye kinga jua ya dereva. Maegesho mengi ya ndani ya majengo yana kikomo cha karibu mita 2.

Hatua ya 6: Umeme wa kudumu, betri ya kutoka

Friji la volti 12 la lita 40 hivi hula kama ampea 4 kompresa inapofanya kazi, na kwenye joto inaweza kufanya kazi karibu asilimia 40 ya muda. Kwa saa 24 hiyo ni kama ampea-saa 38. Betri ya AGM (aina ya betri ya risasi iliyozibwa) ya ampea-saa 100 haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa siku moja na robo hivi. Ya lithiamu ya 100 inakupa zaidi ya siku mbili, ikiwa na uzito usiofika nusu ya ile. Lakini hiyo usiifunge chini ya boneti kwenye joto la injini, wala usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri.

Kwa gari la kazi mbili napendelea betri iliyo ndani ya sanduku lenye mpini, au kituo cha umeme cha kubeba, kuliko betri ya pili iliyofungwa chini ya boneti. Linalobaki garini ni waya. Uvute mmoja mnene kutoka betri kuu hadi nyuma, uishie kwenye plagi nzito ya ampea 50. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, siyo mwisho wa waya. Sababu ni hii: waya ukisuguliwa mahali njiani ukagusa bodi, sehemu yote iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi, na gari linawaka. Kila unapopita kwenye tundu la chuma weka mpira wa kuzuia kukatika. Hapa usibane matumizi kwenye unene pia, maana waya mwembamba unapoteza volti njiani, na friji linajizima likidhani betri imekwisha wakati imejaa.

Magari mengi ya karibuni yana alteneta inayopunguza volti yenyewe ili kuokoa mafuta. Kwa hayo, swichi ya kawaida ya kuunganisha betri mbili haitajaza betri ya pili. Inahitajika chaja maalumu ya kati, ya volti 12 kwenda volti 12. Muulize fundi kabla hajakata waya wowote.

Kitu kimoja zaidi cha siku za kawaida. Kila kifaa kinachobaki kimechomekwa kinakunywa kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa. Weka swichi moja kuu ya kukata vyote vya safari, uizime unaporudi. Usipofanya hivyo, asubuhi moja unayochelewa ndiyo utakayosikia "tik".

Hatua ya 7: Nyuma ya gari

Droo za kujenga ni nzuri na zinavutia. Pia ni kilo 70, zimekula sakafu, na siku ya kubeba kabati au kitanda cha mtoto huna gari. Masanduku magumu ya plastiki yenye vifuniko yanafanya asilimia kubwa ya kazi hiyo. Moja la jikoni, moja la chakula, moja la vifaa vya gari. Yanakaa stoo yakiwa yamepakiwa, na kuyaingiza ni dakika kumi.

Ukitaka kitu cha katikati, tengeneza sakafu ya pili ya mbao nyepesi yenye miguu, inayofungwa kwenye matundu ya bolti yaliyopo tayari, kama yale ya viti vya mstari wa mwisho, bila kutoboa bodi. Tumia bolti za kuzungusha kwa mkono. Chini yake masanduku yanateleza, juu yake friji au godoro. Kuitoa kusihitaji fundi.

Kila kilicho nyuma kifungwe kwa mkanda kwenye ndoano zilizoshikwa na bodi. Gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, friji lisilofungwa linaendelea kwa kilomita 50 kwa saa hadi likutane na kichwa cha mtu. Wavu au kizuizi cha chuma nyuma ya viti ni moja ya vitu vichache ninavyoviruhusu vibaki mwaka mzima bila hoja. Sanduku la vifaa vizito liweke chini kabisa, limeegemea mgongo wa kiti.

Na kelele. Siku ya kazi gari tupu lenye ndoano, reli na mabano linagongagonga mpaka linakera. Vipande vya kitambaa kinene chini ya kila chuma kinachogusana na kingine ni kazi ya nusu saa, na vinabadilisha kabisa namna unavyolipenda gari lako.

Hatua ya 8: Vya kujinasua, na yale mabampa

Koleo, mbao mbili za plastiki za kuwekea chini ya tairi, kamba ya kuvutia inayonyumbuka, shakeli laini mbili, kifaa cha kuzibia pancha na kompresa. Hivyo vinamtoa mtu wa kawaida kwenye sehemu kubwa ya mikwamo yake, na vyote vinaingia kwenye begi moja la kutoa na kuingiza. Kinachobaki garini ni ndoano za kuvutia zenye uzito uliothibitishwa, mbele na nyuma, zilizofungwa kwenye chasisi. Kamwe usivute gari lililokwama kwa mpira wa kukokotea trela, ule wa chuma wa duara ulio nyuma ya gari. Ukikatika unaruka kama risasi, na umeshaua watu.

Winchi ni kwa anayesafiri peke yake kwenye tope au milima, mara kwa mara. Wengine wanaibeba mwaka mzima bila kuinyoosha kamba. Bampa la chuma lina hoja pale penye wanyama barabarani usiku, lakini liwe lile lililotengenezwa kwa gari lako na linaloafikiana na mifuko ya hewa ya usalama. La kuchomelea kichochoroni linaweza kuivuruga mifuko hiyo, kuziba sensa, na kumuumiza zaidi mtembea kwa miguu.

Taa za ziada: nzuri, zifunge, zizime ukiwa kwenye barabara ya umma penye wenzako.

Bomba la nje linaloiwezesha injini kuvuta hewa kutoka juu, usawa wa paa, halifanyi gari kuwa boti. Difu na gia zina matundu ya kupumulia, na maji huingia huko kabla hayajafika kwenye injini. Kuvuta vijibomba vya kupumulia hadi juu ya boneti ni kazi nafuu kuliko bomba la nje, nayo haina kero yoyote mjini.

Kabla ya kufunga chochote kinachobadilisha uzito, urefu, tairi au bampa, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, na uangalie sheria ya unakoishi inasemaje. Bima inayokataa kulipa baada ya ajali haitasikiliza maelezo kuhusu ubora wa springi.

Hatua ya 9: Utunzaji unaotokana na maisha mawili

Gari la kazi mbili linachoka kwa njia mbili. Safari fupi za mjini haziipi injini muda wa kupata moto sawasawa. Kama ni dizeli ya kisasa yenye kichujio cha masizi, kichujio hicho hujisafisha kwenye mwendo mrefu wa kasi ya wastani. Gari linalotembea kilomita 4 kwenda na 4 kurudi litakiziba. Litoe barabara kuu mara kwa mara hata kama huendi popote.

Gari lenye magurudumu ya mbele yanayounganishwa kwa hiari nalo linataka mazoezi, ili oili ienee kwenye sehemu za mbele. Baadhi ya vitabu vya magari hushauri kama kilomita 16 kila mwezi. Fanya kwenye barabara ya vumbi au iliyolowa, siyo kwenye lami kavu ambapo mfumo unajibana kwenye kona.

Baada ya safari ya vumbi, toa kichujio cha hewa ukikague, osha chini ya gari, tazama mipira ya ekseli kama haijachanika, kisha kaza upya bolti za keria na za chini ya gari. Rimu zikitolewa, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza havitoki kamwe, na vikae pale dereva anapofika kwa mkono, siyo chini ya masanduku.

Hatua ya 10: Pima, lala nje usiku mmoja, punguza

Pakia gari kama la safari kamili, watu wote ndani, tangi limejaa. Lipeleke kwenye mizani ya malori. Pima gari zima, kisha ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, ulinganishe na kibandiko. Kama umepita, unachokipunguza kwanza ni cha paani, kisha cha nyuma ya ekseli ya nyuma, kisha maji: kwenye njia yenye visima huna haja ya kubeba lita 60.

Lala nje usiku mmoja mahali pa karibu. Ukirudi, tandika turubai, ushushe kila kitu, utenge mafungu matatu: kilichotumika kila siku, kilichotumika mara moja, kisichoguswa. La tatu libaki nyumbani, isipokuwa vya dharura.

Kisha washa saa, uligeuze gari kuwa la kazini: masanduku nje, friji nje, betri nje, sakafu ya mbao nje, mifuko ya hewa chini, tairi kwenye upepo wa gari jepesi, swichi kuu imezimwa, kiti cha mtoto kimerudi. Ikizidi saa moja, tafuta kitu kilichokuchelewesha. Mara nyingi ni bolti moja isiyofikika au waya uliopita mahali pabaya. Kirekebishe hicho kabla ya kununua kingine chochote.